Sista wa Milima ya Andes

Kosa ninaloliandika hapa lilikuwa la mji mzima wa Shinyanga: kumheshimu mgeni pasipo kumwuliza habari za kwao.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, zahanati ya misheni ilipokea sista muuguzi, mweusi wa nywele, rangi yake kama udongo mkavu. Alisema ametoka Amerika ya Kusini; watu wakasikia Amerika tu. Kila nyumba aliyoitembelea alitengewa kiti na meza ya peke yake, akaletewa mkate uliopiganiwa foleni, kisha wenyeji wakaenda kula ugali wao uani.

Mimi nilifundisha jiografia, nami pia nilikuwa mgeni, akaniomba ramani. Alinionyesha nyanda za juu za Bolivia, zenye baridi isiyostahimiliwa na mahindi, na mlima ambao wazee wake walilazimishwa kuuchimba fedha kwa ajili ya wafalme wa ng'ambo. Kihispania, alisema, kilikuwa lugha ya shule na ofisi. Nyumbani walisema lugha ya bibi yake. Huku hakuwa na wa kuzungumza naye hata mojawapo. Mvua zikianza angeomba kurudishwa.

Kiangazi hicho, sokoni, alisimama mbele ya ungo wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Akaokota kimoja, akakinusa, machozi yakamlengalenga.

"Sista, hicho si chakula chako," muuzaji alimwambia. "Hicho ni cha njaa."

"Leo Amerika kuna njaa!" mwuza dagaa akadakia. Watu wakacheka.

"Kwetu tunaanika viazi," sista alisema taratibu. "Usiku baridi inavigandisha. Asubuhi tunavikanyaga kwa miguu. Halafu jua."

"Mnavikanyaga, na kula mnakula?" muuzaji wa michembe akauliza.

"Tunakula."

Muuzaji akamsogezea ungo. "Kisu unacho? Jumamosi njoo kwangu tukate."

Mvua zilianza, sista hakuomba kuondoka. Kiangazi kilichofuata nilipita na baiskeli nikamwona yeye na muuzaji wamechuchumaa juu ya jabali, wakipanga vipande juani. Sikusimama. Chumbani kwangu ramani ilikuwa bado imetandazwa mezani, kando ya sahani moja.

Waliomkirimu mkate walikuwa wengi. Aliyemwita akae chini, washike kazi pamoja, alikuwa mmoja, na sokoni walimwita Mama Michembe.