Watoto Sita wa Baseme

Mimi sipendi mbwa, na niliwaambia wapangaji wote wa parseli, yaani kiwanja chetu hapa Kavimvira kando ya ziwa. Kwetu, kule juu milimani, mnyama ni ng'ombe. Mbwa analala nje na anakula alichookota. Kwa hiyo Honorine alipoingia uani na beseni lenye watoto sita wa mbwa, nilimkasirikia kabla hajalitua chini.

"Mama Lionel, weye iko na akili kweli?"

"Mama yao amekufa, Mama Shimwa. Kamio imemgonga pale barabarani. Niwatupe?"

"Watupe!"

Hakuwatupa. Honorine ni mjane, anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni na kuziuza sokoni, na mwanawe Lionel alishahamia Kalemie. Mbwa aliyegongwa alikuwa wake. Alimwita Baseme, yaani majirani waseme wanavyotaka. Huku kwetu jina la mbwa ndilo jibu unalowapa wenye maneno. Ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba yake ya zamani, ni Baseme aliyembwekea mpaka akaamka, akatoka na nguo za mwilini tu. Ndipo akaja kupanga hapa.

"Yeye alinitoa majini," aliniambia. "Watoto wake sitawaacha. Hata abaki mmoja. Mmoja tu."

Basi kazi ikaanza, na kazi gani jamani! Macho yao yalikuwa hayajafunguka. Alinunua seringe farmasi, akatoa sindano, akawa anawadondoshea maziwa ya ng'ombe mdomoni, mmoja baada ya mwingine; akimaliza wa sita, wa kwanza analia. Hata kukojoa hawakujua. Ilibidi awapanguse tumboni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kama mama yao angewalamba, ndipo mkojo utoke. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka, hakuwa na nguvu za kucheka. Alikuwa anasinzia amesimama. Ndagala zake zilinyeshewa mara mbili kwenye mchanga kwa sababu yeye alikuwa ndani anafua matambara ya mavi.

Mmoja alikufa siku ya nne, maziwa yalimpalia. Wa pili aliharisha kuanzia Jumapili, Jumanne hakuamka. Honorine alimfunga kwenye kipande cha kitenge, akamzika nyuma ya choo, akarudi kushika seringe. Alikonda. Mikono ikamtoka vipele, wateja wakaanza kumkimbia kwa ile harufu. Charlotte, mwenye parseli, akasema akikanyaga mavi tena barazani, watatoka wote, mbwa na mwenye mbwa.

Na mimi na mdomo wangu wote huu, kumbe nilishaanza kuwachungulia. Wale wanne waliobaki walifungua macho, wakajifunza kutembea kama walevi, na mmoja, mweusi, kila akiniona ananifuata hadi jikoni. Nilikuwa namfukuza kwa sauti kubwa ili watu wasikie, halafu namwekea bugali laini kwenye kifuniko cha sufuria. Wacha tu.

Wiki ya tano wakajaa kupe. Kwenye masikio ngozi haionekani. Fizi zao zikawa nyeupe, wakaacha kucheza. Honorine aliwatoa kupe kwa vidole kutwa nzima, kesho yake wamejaa tena. Nilimkuta ameketi chini, mtoto mmoja mapajani, machozi yanamtoka bila sauti.

"Minye nimechoka, Mama Shimwa. Siwezi tena."

Nilimhurumia kweli. Na kupe ndicho kitu ninachokijua mimi! Baba yangu alikuwa na ng'ombe arobaini. Dawa ninayo, ndugu yangu Ndahiro huiacha kwangu akishusha mifugo bonde la Ruzizi. Kipimo chake nilikijua kabla sijajua kusoma: ng'ombe mkubwa vifuniko vitatu vya chupa mgongoni, mtamba viwili, ndama kimoja. Mtoto wa mnyama ni kifuniko kimoja. Ndivyo tunavyopima kwetu, na sijawahi kuona ndama akifa.

"Walete," nikamwambia kwa majivuno. "Leo utapumzika."

Honorine akishika, mimi nikimimina, kuanzia shingoni mpaka mkiani, kila mmoja kifuniko chake. Yule mweusi alipiga kelele, nikamwambia nyamaza we, unaponywa. Tulipomaliza, Honorine alinishukuru kwa mikono miwili, akaenda kujilaza mchana kweupe, mara ya kwanza tangu alete lile beseni.

Saa nzima haikupita. Nilisikia kitu kinagonga debe uani. Mmoja alikuwa anatetemeka miguu yote, povu mdomoni. Wa pili hivyo hivyo. Nilipiga ukelele, Honorine akatoka mbio bila viatu. Tuliwaosha kwa sabuni, tukawanywesha maziwa, maana watu husema maziwa yanaua sumu, yakawatokea puani. Kufika saa kumi jioni alibaki mweusi peke yake. Nilimkumbatia kifuani, mimi nisiyependa mbwa, namwambia kaa, kaa mtoto mzuri, usiende. Alifia mikononi mwangu.

Honorine akauliza polepole, "Ndama anakuwaga na uzito gani?"

"Kilo thelathini," nikasema. "Labda arobaini."

Alimpokea yule mweusi, akamweka kwenye kiganja kimoja na kumpandisha kidogo, anavyofanya na ndagala mteja akiwa na haraka. Kilo mbili hakufika. Nikaanza kulia. Nikamwambia nimekuulia, Mama Lionel, nipige, nitukane, sema basi kitu.

"Walikuwa wanakataa," akasema. "Walikuwa wanalia, wanataka kukimbia. Ni minye niliwashika."