Mchanga Juu ya Vanishi

Niseme mapema kabla watu hawajanisema: mimi, Barasa, ni fundi wa mbao hapa Chwele, lakini aliyekuwa akipaka vanishi kazi zangu zote ni mke wangu, Lenah Nakhungu. Vitanda, makabati, majeneza, vyote. Watu wakiona mng'ao walisema, "Barasa anajua kazi," nami nilitabasamu tu na kupokea sifa isiyo yangu.

Basi Desemba ya mwaka wa themanini na tisa akaja mwalimu Jerop kutoka Kitale. Alikuwa amehudhuria harusi kanisani kwetu akaiona mimbari.

"Ni nani alipaka ile mimbari?" akaniuliza, hata salamu hajamaliza.

Nikafungua kinywa. Lenah akaniwahi. "Ni mimi."

"Basi mama, hii kazi ni yako."

Nyuma ya pikapu yake kulikuwa na ubao mrefu kuliko kitanda, mwembamba, una uwazi ndani. Mzungu aliyewauzia kina Jerop shamba aliuacha ghalani. Mtu anasimama juu yake kwenye maji ya bwawa, anapiga kasia, anakwenda! Vanishi yake ilikuwa imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na mbao zilianza kuwa nyeusi. Jerop alitaka kuupanda siku ya mwaka mpya mbele ya ukoo wote.

Lenah aliimba wiki nzima. Kazi ya kwanza kuitiwa kwa jina lake! Ikiharibika, alijua atarudi kwenye vitanda vyangu, na sifa zitarudi kwangu. Aliparua vanishi kuukuu kwa kipande cha kioo, akapiga msasa mkali, kisha laini, akapaka mkono wa kwanza wa vanishi mpya, ukakauka, msasa tena, wa pili, wa tatu. Ubao ukawa na rangi ya asali. Niliyaona meno yangu ndani yake, nikafurahi mpaka nikawaita majirani.

Mkono wa nne ukiwa bado mbichi, akachukua mchanga wa mtoni aliokuwa ameuosha na kuuchekecha, akaunyunyiza katikati, pale pa kusimama.

"Mama Wekoye!" nikamaka, nikimwita kwa jina la mtoto wetu. "Ati mchanga kwa vanishi? Si utaniaibisha, bana!"

"Baba Wekoye, kwani ni kazi yako? Miguu ikilowa itashika wapi?"

Nilinuna siku mbili. Kwetu mafundi, kazi haitoki karakanani kabla haijasuguliwa nta. Mkono wa mteja lazima uteleze. Kwa hiyo asubuhi ya mwaka mpya, kabla ya safari ya kuupeleka ubao kwa kina Jerop, Lenah akiwa ndani anavaa gauni la kanisani, nilichukua nta nikajaza ule mkwaruzo mpaka ukalainika kabisa. Haki ya Mungu, nilidhani namsaidia.

Tulipofika bwawani kwao Jerop alipanda, akapiga kasia mara moja, puu! majini. Watu wakacheka. Akapanda tena, akaanguka tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Babake, mzee Kiptanui, akasema wote wakisikia, "Si nilikwambia upeleke kwa fundi wa kweli?"

Lenah akapitisha kiganja juu ya ubao. Akakinusa. Akanitazama, na nikajua hatanitaja, atameza aibu yangu mbele ya wageni kama mke mwema anavyofundishwa. Heri angenitukana! Nilisikia uso ukiwaka moto.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti. "Nilipaka nta juu ya kazi yake. Yeye alikuwa amefanya sawa."

Lenah hakungoja watu wamalize kunishangaa. "Leteni mafuta ya taa! Sabuni! Na magunzi ya mahindi!"

Tukapiga magoti wawili, yeye kichwani, mimi mkiani, tukasugua mpaka mchanga ukauma viganja tena. Tulipomaliza akakunja gauni, akaingia majini, akapanda yeye mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi! Kasia alikuwa ameligeuza juu chini. Lakini nyayo zilishika, na ubao ukaenda. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi, mtu mzima, nikarukaruka matopeni nikipiga makofi. Alianguka alipotupungia mkono. Kisha Jerop akauchukua, akavuka nao bwawa mpaka ng'ambo na kurudi akiwa amesimama wima.

Jirani mmoja, Kemboi, alikuwa ametazama yote kutoka ng'ambo ya pili. Alikuja mbio, akaona viganja vyangu vyekundu, akanishika mkono.

"Wewe ndio fundi ya huu ubao?"

Ajabu, jibu lilinitoka bila kuniuma.

"Fundi ni yule mama amelowa," nikamwambia. "Mimi ni bwana yake."