Namba Sita Kati ya Viti Viwili

Nilivaa jezi namba sita kwa miaka saba katika timu ya wabebaji wa stoo ya mahindi pale Kitale, na katika mitano ya kwanza hakuna mtu aliyewahi kunidokezea kwamba ilinipasa kujua kucheza mpira. Kocha wetu wa wakati huo alikuwa na buchari ya nyama karibu na soko, na ufundi wake wote aliutoa hukohuko bucharini. Kabla ya mechi alinivuta kando na kuninong'oneza, kana kwamba ni siri ambayo Trans Nzoia nzima haijawahi kuisikia: "Kijana, mpira inaweza kupita. Mtu pia inaweza kupita. Lakini hao wawili wasipite pamoja." Nikaishika amri hiyo moja kuliko nilivyozishika zile kumi za kanisani.

Kazi ya kiungo mkabaji siku hizo haikuwa na maswali mengi. Namba kumi wa wapinzani akienda kulia, nami kulia. Akienda kunywa maji, nami nasikia kiu. Nikiunasa mpira, naupiga mbali haraka iwezekanavyo, au nawapa wenye akili zao, yaani namba nane na namba kumi wetu, ambao hawakupenda kuchafua soksi. Mashabiki waliniita Kinu, kwa kuwa chochote kilichopita kwangu kilitoka unga. Nililipenda sana jina hilo. Siku nzima nilikuwa mtu wa kubebeshwa magunia, lakini Jumatatu baada ya mechi hata msimamizi wa stoo alinisalimia kwanza.

Kisha mwenye buchari akachoka, na timu ikachukuliwa na mwalimu wa hesabu. Zilikuwa siku zile vibanda vya video vilipoanza kuweka dishi na kuonyesha mechi za Ulaya, na mwalimu huyu alikuwa hakosi, benchi la mbele, daftari mkononi. Siku ya kwanza alitukalisha kwenye nyasi akapanga vifuniko vya soda juu ya ubao. Akachukua kimoja, akakiweka mbele ya mabeki, akakigonga kwa kidole.

"Huyu ni wewe," akaniambia. "Namba sita ya siku hizi haifukuzi watu. Inakaa hapa. Mpira ikitoka kwa kipa inapitia kwake. Yeye ndiye anaanzisha timu."

"Na namba kumi yao akienda pembeni, mwalimu?"

"Wacha aende."

"Namwacha?"

"Si ako na beki huko? Wewe unaenda kufanya nini?"

Moyoni nilijua kabisa ninaenda kufanya nini. Nilitazama kile kifuniko kimekaa peke yake katikati ya ubao, nikakionea huruma.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa mateso. Mwalimu alichora duara kubwa la majivu katikati ya uwanja wetu wa mazoezi, akatangaza kwamba kila nikivuka majivu, timu nzima itazunguka uwanja mara moja. Siku ya kwanza tulizunguka mara kumi na moja. Sikuwa mkaidi. Niliapa kila asubuhi kwamba leo nakaa, lakini nikiona mtu na mpira pale pembeni, miguu inaondoka halafu ndiyo inaniarifu. Kipa wetu, rafiki yangu wa tangu ujana, alikuwa akiniwekea chai kila jioni. Akaacha kuniwekea. Winga mmoja alipendekeza nifungwe kamba kama ndama, na mwalimu akaliandika daftarini.

Halafu akaletwa kijana wa chuo cha ualimu, mtu wa viatu safi. Alisimama ndani ya majivu kama aliyezaliwa humo. Mpira ulimfuata wenyewe, naye akaugawa huku na huku bila hata kutoa jasho. Nilimchukia kwa moyo wote, na alikuwa mtu mpole, jambo lililozidi kuniudhi.

Jumatatu moja mwalimu akaniita. "Jumamosi tunacheza Bungoma," akasema. "Nakupatia dakika zote tisini. Ukikaa katikati, jezi ni yako. Ukianza kuzurura, Jumatatu unampea huyu wa chuo."

Jioni hiyo nilikwenda kumtembelea mchumba wangu. Alikuwa fundi wa nguo nyuma ya soko la Kitale, na kwao ni Bungoma, upande wa Kibabii. Nikamweleza yote. Nilitaka anionee huruma, yeye akaendelea kukanyaga cherehani.

"Sasa wewe, kwani unatoka kwa nini?" akauliza.

"Sijui. Miguu inaenda."

"Na ni nini inaweza kuizuia isiende?"

"Labda ukuta. Huku ukuta, huku ukuta."

Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Hebu niachie hiyo kaptura yako ya mechi. Raba ya kiuno imelegea." Nikamwachia. Niliondoka nikinung'unika kwamba namweleza mtu habari ya maisha yangu, yeye anaona raba.

Hapa lazima nieleze jambo, maana msomaji wa mbali hatanielewa. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kwenda kwao kupiga hodi, nikawa nimehesabiwa mkwe. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja wala hawakai karibu. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Na kumtokea mama mkwe mapaja wazi ni aibu ambayo itasimuliwa kwenye matanga yako. Heshima hiyo haiishii kwa mama mzazi peke yake. Dada zake nao ni mama wakwe vilevile.

Jumamosi tukapanda lori la mahindi, tukateremka Bungoma na baridi yetu ya Kitale, tukakutana na joto lao. Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi, ng'ombe walikuwa ndio wameondolewa. Tukabadilisha nguo nyuma ya lori. Kaptura yangu, niliyorudishiwa alfajiri ile ikiwa imepigwa pasi na kukunjwa vizuri, ilinifika mahali ambapo haikuwa ikifika zamani. Nikadhani labda nimenenepa.

Namba kumi wa Bungoma alikuwa shemeji yangu, kaka yake mchumba wangu. Tukasalimiana vizuri. "Niaje shemeji," akacheka, "leo usinivunje bana, harusi bado." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ingawa moyoni nilikuwa nishachagua mguu.

Refa akapuliza. Shemeji akauchukua mpira, akakimbilia kulia. Miguu yangu ikaondoka kama kawaida, ikafika hatua tano, na hapo nikaona kiti. Kiti cha plastiki kando ya mstari, mwavuli wa rangi ya zambarau, na chini ya mwavuli kitambaa cha kichwa nilichokijua. Alikuwa mama mkwe.

Sijawahi kugeuka haraka vile uwanjani. Niliivuta kaptura chini kwa mikono miwili, ikafunua kiuno. Nikaipandisha, ikafunua yale mengine. Nikarudi katikati nikajificha nyuma ya beki wetu mnene, nikamshukuru Mungu kwa wingi wa watu uwanjani. Mpira ukaenda kushoto. Nikasema, haya, kushoto kuna uhuru. Nikaanza kwenda. Kando ya mstari wa kushoto kulikuwa na kiti kingine, na juu yake dada yake mama mkwe, yule wa Sirisia, muuza vitunguu ambaye hakuwahi kuacha kibanda chake siku ya soko isipokuwa kwa msiba.

Nikasimama katikati ya uwanja wa watu nikauliza nimekosa nini.

Basi nikakaa. Ningefanya nini? Kulia sendi, kushoto sendi. Na kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale nikiwa sina kazi, mpira ukaanza kunijia. Kipa alikuwa nao, akatazama, akaniona peke yangu, akanipa. Nikaona kile kitambaa cha kichwa kikigeuka kunitazama, nikautoa haraka kwa mtu wa karibu, macho yatoke kwangu yamfuate yeye. Ukarudi, nikautoa tena. Sikutaka kukaa nao hata kidogo. Mwalimu aliyekuwa nyuma ya goli letu akaanza kupiga makofi. Kufika mapumziko alikuwa akilia, sitanii, machozi. "Gusa moja! Unagusa moja tu na kutoa!" Kijana wa chuo alinipa chupa yake ya maji kwa adabu.

Kipindi cha pili kikawa hivyohivyo, jua kali, viti havikusogea. Ilikuwa bado sufuri kwa sufuri dakika za mwisho shemeji alipompita beki wetu kule pembeni, mbele kabisa ya mama yake, akasimamisha mpira chini ya wayo. Alinitazama. Timu nzima ikapiga kelele, "Kinu! Mwendee!" Na mimi nikasahau kila kitu. Nikaanza kwenda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mwavuli ukainuka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Nikadhani amesimama kumshangilia mwanawe, na mapaja yangu yakanikumbusha yalivyo. Nikasimama hapohapo kama niliyekanyaga moto, nikarudi kinyumenyume.

Shemeji hakuwa ametarajia hilo. Alinijua, alijua nitamwendea, na pasi yake ilikuwa imekwisha kutoka mguuni, inakwenda pale ambapo ningekuwa nimepaacha wazi. Ilinijia miguuni. Nikampa winga wetu aliyekuwa peke yake, na winga akafunga.

Mwalimu aliniinua juu. Njiani kurudi alisimama ndani ya lori, ameshika kamba, akahutubia hadi tukaipita Ndalu. "Mmeona ile kuanza kwenda halafu kurudi? Alimvuta! Alimdanganya! Ile haifundishwi!" Nami nikakubali kwa kichwa, kama mtu ambaye ile kwake ni kawaida.

Jezi ikabaki yangu misimu miwili zaidi. Na kilichotokea ni kwamba nilijifunza kweli. Ukishakaa katikati mara moja, unaanza kuona vitu: kwamba mpira hurudi mahali pale wenyewe, kwamba anayekimbia mara nyingi anakimbia kwa sababu hakutazama. Nikawa hodari, na mbaya zaidi, nikawa mwalimu. Kwa kinyozi, stooni, harusini, sikukosa kueleza namba sita wa kisasa ni mtu wa namna gani. Kijana wa chuo nilimfundisha mwenyewe kabla ya kumkabidhi jezi, na alinivumilia.

Harusi ilikuwa imepita kama miaka mitatu hivi, shemeji alipotutembelea Kitale. Tulikuwa tunakula, nikaanza hadithi yangu ya Bungoma, jinsi nilivyomsoma, jinsi nilivyomvuta kwa hatua tatu. Shemeji akaweka tonge chini. Alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa ameinamia cherehani na mabega yanatikisika.

"Bado hujamwambia?" shemeji akauliza.

Nikaambiwa. Mke wangu ndiye aliyeipunguza ile kaptura, vidole vitatu, kwa mkono wake. Ndiye aliyepiga simu kwao siku ya Jumanne akamweleza mama yake: huyu mtu akikosa jezi atakuwa mgonjwa, na anasema kinachoweza kumsaidia ni kuta mbili. Mama akauliza kuta zikae wapi. Akakaa huku, akamwita dada yake kutoka Sirisia akakaa kule. Viti vilikuwa vya kanisa.

Kwanza nilikasirika, nikatoka nje nikaenda kusimama kwa mbuzi. Miaka yote ile nawafundisha watu, kumbe nilifugwa. Kisha hasira ikanitoka nikabaki namwaza mama yule. Alikaa juani nusu siku kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kumwambia hata "habari yako". Namba kumi wa Bungoma alikuwa mwanawe wa kumzaa, na siku ile alishindwa mbele ya macho yake. Nililia kidogo pale kwa mbuzi, na sioni haya kulisema.

Nilitaka kumshukuru, lakini nitamshukuru vipi mtu ninayemkimbia njiani? Mke wangu alipokwenda kwao nikamfungia leso mbili na sukari, moja ya leso ikiwa ya yule mama wa Sirisia, nikamtuma aseme kwamba nimejua, na kwamba asante. Alirudi baada ya siku mbili. Nikamngoja aweke mzigo, anywe maji, avue viatu.

"Alisema nini?"

"Amefurahia leso. Halafu akauliza, ile mara ya mwisho uwanjani, kwani ulikuwa unaenda wapi? Anasema ulitoka hatua tatu, alihesabu. Ndiyo maana alisimama, akainua mwavuli, ndio umwone."