Mkono wa Kushoto wa Joho

Katika mtaa wa nyuma ya mahakama, kila mtu alikuwa ameshateua jaji wake. Muuza magazeti alimteua mmoja asubuhi, na kabla jua halijapanda alikuwa amemfukuza na kumteua mwingine. Nafasi ilikuwa moja, katika mahakama ya juu kabisa, na kwa pengo hilo majaji hawakutosha kuketi na kusikiliza rufaa.

"Bwana Mabega, wewe ndiye unayewavisha," alimwambia fundi wa majoho, ameegemea mlango wa kibanda chake. "Tudokezee jina moja tu."

"Mimi nashona mabega. Vichwa vyao sivijui."

Fundi aliitwa hivyo kwa kuwa siku zote alisema joho hubebwa na mabega, mengine ni mapambo. Lakini leo alikuwa amedanganya. Jina alilijua tangu karani wa mahakama alipomletea joho kuukuu liwe kipimo cha jipya, akamwonya mdomo nao autie vifungo. Mkono wa kushoto wa joho lile ulikuwa mfupi. Aliukata hivyo yeye mwenyewe zamani, kwa kipimo cha mwenye joho, mdogo wake akiwa bado huru.

Sasa mdogo wake alikuwa na kifungo cha maisha, kwa moto wa ghala ambao hata watoto wa mtaa walijua aliuwasha mwenye ghala. Nchi nzima hubishana nani atavaa joho. Nani anaozea ndani akilisubiri, hilo halina gazeti.

Mchana shemeji yake aliingia, ametoka gerezani kumwona mumewe, kikapu kitupu mkononi.

"Shemeji, safari hii atakayeteuliwa ni yule mama asiyeogopa mtu. Redio imemtaja. Nimemwambia ndugu yako ajikaze, rufaa inakuja."

Fundi alizidi kukanyaga cherehani.

"Ndilo lake hili?" Alikwisha kulitoa joho jipya msumarini.

"Liache, lina chaki."

"Ngoja nionje uzito wa haki." Akalivaa huku akicheka, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu siku ya hukumu, akanyoosha mikono. Wa kulia ulimfunika vidole. Wa kushoto uliishia kwenye kifundo cha mkono.

"Umekosea mkono, shemeji."

Cherehani ikanyamaza. "Sijakosea."

Shemeji aliutazama mkono ule. Kesi nzima alikaa benchi la mbele akiuona mkono mfupi wa jaji ukifunua karatasi, na siku ya mwisho ndio uliomnyooshea mumewe kidole.

"Rufaa ya hukumu yake mwenyewe hawezi kuisikiliza," alisema polepole.

"Hawezi. Itabidi ajitoe."

"Watabaki wangapi?"

"Walewale. Wasiotosha."

"Na mwingine atateuliwa lini?"

Fundi aliokota uzi sakafuni, akauviringisha kidoleni.

Shemeji alilivua joho, akalirudisha msumarini, akalinyoosha mabega.

"Umelishona vizuri," alisema, akachukua kikapu chake.

Lilikuwa limebaki pindo tu. Fundi akatunga uzi mweusi kwenye sindano, akaanza kulipinda.