Mtu wa Arobaini na Moja

Miaka thelathini Bi Sachiyo Onodera aliuza stempu katika posta ya Minezawa, na alipostaafu hakujua kukaa. Akajitolea katika ofisi ya mji inayowatafutia watu wachumba, huko kaskazini mwa Japani kwenye mashamba ya matufaha, ambako vijana huhamia mijini na hawarudi.

Siku hizi mshenga ni kompyuta. Kila mteja alijaza dodoso, akajipa alama kuanzia moja hadi tano: unapika vizuri kiasi gani, una subira kiasi gani. Kompyuta ikazilinganisha alama, ikawapanga watu, na watatu wa juu ndio waliopendekezwa. Wa nne akalie kwao.

Machi ile Tokuji Kasai, mkulima wa miaka arobaini na miwili, alikuwa amebakiza siku tisa. Mteja akimaliza miaka mitatu bila kupata mtu, faili lake hufungwa, naye alikuwa hajakutanishwa na mwanamke hata mmoja. Sachiyo alifungua orodha ya Natsue Yamauchi, mpishi wa shule ya msingi, ambaye yeye Sachiyo moyoni alishamwozesha kwa Tokuji zamani. Wanaume walikuwa arobaini na watatu. Tokuji alikuwa wa arobaini na moja. Chini yake walibaki wawili: mmoja ameshahamia Osaka, mwingine ameshaoa akasahau kutoa taarifa.

Akalisoma dodoso la Tokuji. Kupika, mbili. Kutunza wazee, moja. Moja! Mtu aliyemuuguza mama yake miaka tisa! Sachiyo akachukua funguo za gari.

Alimkuta juu ya ngazi anapogoa miti, chini theluji ya kufika magotini.

"Tokuji! Shuka!"

"Karibu chai, Bi Onodera."

"Chai baadaye. Nani alikuambia ujipe moja?"

"Sasa mtu atajipaje tano? Si nitaonekana sina haya?"

"Kwa hiyo ukaona heri uonekane huna maana."

Ndani, akamwomba mama mtu amsemee mwanawe. Bibi akacheka. "Huyu goigoi? Mpe sifuri kama mnayo." Akasema hivyo huku anakunywa uji alioupika huyo goigoi.

Sachiyo hakumlaumu. Kumsifu wa kwako mbele za watu ni aibu, naye mwenyewe kwa miaka ishirini na saba alimtambulisha mumewe kwa wageni kama "huyu mzee wangu asiyejua kitu," mpaka mzee akafa bila kusikia lingine. Hilo lilimuuma hadi leo. Akavuta kiti, akaona kwamba kosa ni la swali. Mtu usimwombe ajisifu, mwombe ahesabu.

"Wiki hii umepika mara ngapi?"

"Kila siku. Nani mwingine apike?"

"Mara ya mwisho kumkaripia mama?"

Tokuji akafikiri sana. "Mwaka juzi. Alitaka kuzoa theluji mwenyewe."

Akayaandika yote, hadi uji wa mama, akayageuza alama, Tokuji akatia sahihi. Lakini mkuu wa ofisi, Bwana Naraoka, alitikisa kichwa. "Mama, huyu ukimuuliza hivi, na wenzake lazima waulizwe hivi hivi. La sivyo ni upendeleo."

Alisema kweli, na Sachiyo alichukia kwamba alisema kweli. Maana hao wengine nao walikuwa wamejidharau vilevile, na wakipanda, Tokuji angeweza kubaki palepale.

"Nipe simu," akasema.

Kwa siku tano aliwapigia wanaume arobaini. Mmoja alimkatia simu mara tatu; alimpigia mara ya nne. Sauti ikamkauka akawa anauliza kwa kukwaruza. Siku ya sita kompyuta ikapanga upya. Wa kwanza alikuwa fundi bomba. Wa pili, Tokuji Kasai.

Natsue aliwasoma watatu wote, akasema anaanza na huyu wa uji. Wakakutana Jumapili, siku mbili kabla ya faili kufungwa. Walikaa saa moja na nusu katika chumba cha pili cha ofisi, na Sachiyo, aliyeapa kutosikiliza, alisikia wanacheka.

Baadaye kila mmoja alijaza kadi yake peke yake: moja hadi tano, anataka kuonana tena kiasi gani. Nne au tano kwa wote wawili, wataonana tena. Chini ya hapo, basi, na mwingine hatoambiwa chochote. Natsue alijaza yake kwanza, akaaga. Sachiyo aliitazama, akaiweka mfukoni. Kisha Tokuji akaleta ya kwake. Tatu.

Sachiyo alitaka kumzaba kofi. "Hukumpenda?"

"Si hivyo. Mgonjwa, theluji, kazi ya shamba… nimpe mtu mzigo huo?"

"Hayo ataamua mwenyewe. Wewe nakuuliza unataka nini."

Tokuji akakodolea macho viatu vyake. Hapa hapakuwa na cha kuhesabu, na Sachiyo hakuwa na ruhusa ya kumsaidia hata kwa neno. Akangoja. Theluji ikaporomoka kutoka paani, na bado akangoja.

"Nataka arudi," Tokuji akasema, uso umemwiva. "Nataka sana."

"Basi andika."

Akaifuta ile tatu, akaandika tano kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa kadi. Ndipo Sachiyo akaitoa ile ya mfukoni, akailaza mezani mbele yake: tano.