Saladi za Dada Mkubwa

Wakulima humwita Mama Nawa, maana hata salamu hazijakolea atakuuliza wafanyakazi wako wananawa wapi. Mimi namwita mama mdogo, na mpaka leo hunikagua kucha, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndiye mkuu wa mpango wa serikali wa usalama wa mboga na matunda mashambani. Ukisikia mkuu, usifikirie zulia. Ofisi yake ni chumba chenye friji ya chupa za maji ya kupimwa, mabuti ya matope nyuma ya mlango, na kiti kimoja kizima ambacho humpa mgeni. Kazi yenyewe haina ahsante: watu wasipougua, nani atajua kuwa umefanya kitu?

Mama yangu ni dada yake, na ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Mwaka huu alilima saladi, akapata hospitali ya kuzinunua, mradi mpango uzipitishe. Alizimwagilia maji ya bomba kwa mipira iliyolala ardhini, kama mdogo wake alivyomfundisha. Kisima cha nyumbani, walichokinywea wao tangu utotoni, kiko mteremkoni chini ya zizi la ng'ombe, nasi tuliambiwa maji yake yasiguse mboga.

Siku ya ukaguzi mama aliamka kabla yetu sote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Angemwonyeshaje mdogo wake saladi zenye vumbi? Bomba lilikuwa likitoa upepo mtupu, basi akazichovya zote, kreti baada ya kreti, kwenye maji ya kisima. Ziling'aa kweli. Nami nikamsifu, mjinga mwenzake.

Mama mdogo alifika akakuta majani yanachuruzika.

"Dada, umeziosha kwa maji gani?"

"Ya kisima. Safi, unajiona sura."

Akainama juu ya kreti.

"Hizi haziendi hospitali, dada."

"Zote?"

"Zote. Maji yale tumeyapima. Yana kinyesi cha ng'ombe."

"Nimekuosha wewe tangu huna meno, leo mimi sijui kuosha?"

Mama mdogo angeweza kuzipitisha, na pale hakuna ambaye angemsema. Macho yalimjaa, lakini neno halikubadilika. Nilimkasirikia, nikiri. Mavuno ya mama yangu yalikuwa yakienda shimoni mbele yangu, na ubishi wa mama mdogo naujua, hausukumiki.

Akavua koti la ofisi, akachukua jembe, tukachimba shimo la kuzifukia, wote watatu. Katikati ya kazi mama akasimama.

"Hebu niambie," akasema taratibu. "Ulipokuwa mdogo ukaharisha mpaka watu wakakukatia tamaa, mimi nilikuwa nakunywesha maji hayohayo. Kwa kijiko. Kumbe nilikuwa nakuua?"

Mama mdogo hakushtuka. Hapo nikaelewa kwamba jambo hilo alikuwa akilijua tangu alipoanza kusomea kazi yake, na kwamba miaka yote hiyo alilificha ili dada yake asilijue.

Akaweka jembe chini.

"Dada, na wewe ulikuwa mtoto. Ulinipa maji tuliyokuwa nayo, na hukulala mpaka nikapona."

Mama akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia. Mdogo wake akamkumbatia, akambembeleza kama mtoto mchanga.