Nilivyomtafuta Athmani, Mwizi wa Karabai, mpaka Jeddah

Bibi yangu wa Mombasa hajawahi kumwita kaka yake marehemu. Huyo kaka, Athmani, alikuwa mtoto tu enzi za mkoloni alipoiba taa ya karabai kwenye ofisi moja ya bandarini. Hakimu aliamuru achapwe viboko vya henzirani, kisha akapelekwa bara kwenye jela ya watoto. Alipofunguliwa hakurudi nyumbani. Miaka mingi baadaye jirani yetu alikwenda kuhiji, akarudi na habari kwamba Jeddah, mtaa wa Balad, amemwona fundi seremala mwenye sura ileile, watu wanamwita Faraji. Jirani alipoita "Athmani!", yule fundi aligeukia ukutani akaendelea kupiga randa.

Basi, Bibi akabaki katikati. Kila khitma ya ukoo inaposomwa na majina ya wafu kutajwa, la Athmani hulizuia kwa mkono. "Huyo sijui kama amekufa. Nisije nikamzika mtu yu hai." Mwaka huu miguu imemwishia, akanipigia simu Riyadh ninakofanya kazi za nyumbani. "Mjukuu wangu, wewe uko nchi moja naye. Niulizie kabla sijaondoka."

Mimi shule niliachia darasa la saba. Nitaandika nilichokiona, na nisichokijua nitasema sikijui.

Riyadh. Nafasi ilipatikana kwa sababu ya harusi. Mdogo wake madam, mwajiri wangu, alikuwa anaolewa Jeddah, na nyumba nzima ilikwenda kwa gari, nami niangalie watoto. Nilimwomba madam alasiri moja niende Balad. Alinitazama sana. Msichana wa jirani yake, Mkenya kama mimi, aliwahi kutoka kutupa taka asionekane tena.

"Utakimbia?"

"La, madam. Namtafuta mzee wetu."

"Kabla ya maghrib. Adhana ikilia sijakuona, baba anaripoti. Halas."

Baba ni mumewe, ndiye mdhamini wangu. Kuripotiwa kwamba umetoroka, huku ni kukamatwa na kurudishwa kwenu. Nilisema ahsante.

Njiani. Jangwa siwezi kulieleza vizuri, nililiona kwa vipande nikiwalisha watoto. Kabla ya Taif kuna kizuizi cha askari. Ikama yangu, yaani kitambulisho cha kuishi na kufanya kazi huku, hukaa mkobani mwa madam. Askari alipoinama dirishani nilihisi mkojo unanitoka, na kosa sina. Akatupungia mkono, yalla, tukapita. Kwenye kona za mlima wa Hada mtoto mdogo alinitapikia mapajani, na nakiri yale matapishi yalinipumzisha. Nilikuwa na kazi ya kufanya badala ya kuogopa.

Jeddah, alasiri. Madam alinipa picha ya ikama kwenye simu, kadi yenyewe akabaki nayo. Kusema haki, mwanamke wa watu ana sababu zake. Ningekuwa mimi ndiye yeye, sijui ningefanyaje. Lakini teksi iliponiteremsha Balad nilijiona nipo uchi. Ni majumba marefu ya mawe ya matumbawe, na roshani za mbao zimetokeza juu ya vichochoro. Kila mwanamume aliyesimama kona nilimwona askari. Nilimuuliza hamali mmoja aliyekuwa akisukuma rukwama, kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Dada, mbona wajitesa?" akanijibu kwa Kiswahili. "Hicho Kiarabu chako kitakupeleka polisi. Sisi Wazanzibari tumejaa hapa."

Nikacheka. Nikamuuliza habari za Fundi Faraji.

"Umechelewa. Tumemzika Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha." Aliona uso wangu, akashusha sauti. "Lakini binti yake yupo. Bi Salma. Mlango ule wa kijani."

Nyumbani kwa Bi Salma. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya Unguja ingawa kazaliwa hapahapa. "Keti mwanangu. Mbona watweta kama umefukuzwa?" Akanipa kahawa, nikamwambia Bibi anamtafuta kaka yake aliyepotea. Sikusema kwa nini alipotea.

"Bibi yako kakosea," alisema kwa upole. "Baba alikuja na Wazanzibari baada ya Mapinduzi, na alitwambia hana ndugu." Akafungua dirisha kunionyesha roshani ya nyumba ya pili. "Ile yote mkono wake. Ufundi kajifunza bara, shule ya serikali. Ya bweni! Wenziwe hapa hawakusoma, yeye kasoma. Na hakutupiga hata kofi. Chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu akishika henzirani tu, Baba huja kututoa kwa mkono."

Nikaweka kikombe chini. Shule ya serikali, ya bweni. Niliogopa kuliko nilivyoogopa askari. Nikisema ni jela ya watoto, nitamwachia mwana wa watu mfungwa pale palipokuwa na baba yake. Nikinyamaza, Bibi atakufa hajui. Mpaka leo sijui mwingine angefanya lipi.

Bi Salma mwenyewe ndiye aliyenipa njia. "Ngoja nimwite Mzee Abdalla wa hapo chini. Ni rafiki yake, na ndiye aliyemwosha." Mzee akaja, akaketi, Bi Salma akaingia jikoni, mlango wazi.

Bibi alikuwa amenipa alama moja. Siku Athmani alipochapwa, kabla hajachukuliwa, yeye Bibi alikuwa mtoto mdogo na ndiye aliyemkanda kwa maji ya chumvi. Alisema alama za henzirani hazifutiki.

"Mzee wangu," nikanong'ona, "ulipomwosha, nyuma ya mapaja, uliona alama za…"

"Nyamaza." Hakupandisha sauti. "Mwosha maiti ana macho, hana mdomo. Nikikwambia ya mwenzangu, na yangu nani atayasitiri?"

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majumba. Nikashika mkoba niondoke.

"Ngoja," akasema. "Bibi yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anaweza kusimama kusali?"

"Anasali kitini."

Alitazama jikoni, akanitazama mimi. "Mwambie kitini panatosha. Amsomee nduguye khitma, asingoje tena." Kisha akaokota fimbo yake. "Na mimi sikukwambia kitu."

"Hukuniambia kitu, mzee wangu."

Nilimwachia Bi Salma namba yangu, nikatoka mbio. Adhana ya maghrib ilinikuta ndani ya teksi, kwenye foleni. Sijawahi kuiogopa adhana, Mungu anisamehe, ila siku ile niliiogopa. Madam nilimkuta amesimama mlangoni. Nyuma yake baba ameshika simu, uso umemkunjika.

"Nilimwambia angoje kidogo," madam akasema. "Mara ya pili hatangoja." Akaniingiza ndani. Mkono wake nao ulikuwa wa baridi.

Riyadh tena. Nilimpigia Bibi nikamweleza yote, pamoja na kwamba hakuna aliyenihakikishia. Akauliza jambo moja tu.

"Huyo binti anajua?"

"Anajua babake alisoma shule ya serikali."

"Si alisoma?" akasema Bibi. "Usimwongezee neno."

Siku chache baadaye Bi Salma alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kama bibi yako atasoma khitma, n'ambie siku, na sie huku tusome. Sisemi ndiye. Nasema tusome tu." Siri ya alama zile hakuniuliza, wala sidhani Mzee Abdalla alimwambia. Hilo sina hakika nalo.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilikwenda nikidhani ukweli ni kitu cha kwenda kuchukua. Huu niliorudi nao nilipewa umefunikwa, na umetosha.

Khitma niliitazama kwenye simu, nimejifungia chumba cha kufulia. Mwalimu wa chuo cha mtaani kwetu aliingia na wanafunzi wake, henzirani kwapani kama kawaida yake. Bibi, kitini, akainua ule mkono wake wa kuzuia.

"Mwalimu, hiyo iache nje. Anasomewa kaka yangu."